Nimeikata deki ya kayaki yangu, na ningeikata tena

Watu wakinunua kayaki ya bahari wanaichukulia kama kitu kilichoshushwa kutoka juu, yani ilivyotoka kwa aliyeitengeneza ndivyo itakavyokaa mpaka siku ya kuuzwa, na ikiwa inakusumbua kwenye upepo utaambiwa ongeza mazoezi, jifunze kupiga kafi vizuri, nenda kozi. Mazoezi ni muhimu, sikatai. Ila mi nimekulia Pangani, na kule chombo kikikaa vibaya majini kinapandishwa pwani, fundi anakizunguka, anakitazama mbele anakitazama nyuma, anatoa mbao hapa anaongeza pale, kesho yake kinashushwa tena kujaribiwa. Hakuna anayeona ajabu. Chombo ni cha kurekebishwa, hiyo ndo kazi yake ikiwa nchi kavu.

Sasa hivi naishi Glasgow na bahari yangu ni Firth of Clyde, mkono wa bahari wa magharibi mwa Scotland, pale Largs ukitazamana na kisiwa cha Great Cumbrae. Kayaki yangu ni ya plaiwudi, ule mtindo wa kushona vipande kwa waya wa shaba afu unaunga kwa epoksi, gundi ya kuchanganya inayokauka ikawa ngumu, na kitambaa cha faibaglasi. Urefu mita 5.2, upana sentimita 58, plaiwudi ya okoume ya milimita 4, na okoume kwa taarifa yako ni mti wa Gabon, kwahiyo mimi na mbao zangu wote tumetoka Afrika tukakutana huku kwenye mvua. Niliinunua mtumba kwa mzee mmoja aliyeijenga mwenyewe, kazi safi kabisa, haiingizi maji hata tone. Shida yake ilikuwa moja tu, na ilikuwa kubwa: upepo ukitoka ubavuni, inapanda joshi yenyewe, yani inageuka kuelekea upepo unakotoka. Unapiga kafi kwenda kusini, yenyewe inataka magharibi. Na kadri unavyoongeza mwendo ndo inazidi.

Hili jambo ukilielewa vizuri nusu ya kazi imekwisha, kwahiyo nalieleza taratibu. Kayaki ikiwa imesimama, upepo wa ubavuni unaisukuma yote kwa pamoja, omo na tezi, yani mbele na nyuma, inateleza tu kwenda demani, upande upepo unakoelekea. Ikianza kwenda mbele mambo yanabadilika, maana omo inaingia kwenye maji mapya, maji yametulia, yanaibana huku na huku, haipati nafasi ya kuteleza. Tezi yenyewe inapita kwenye maji ambayo mwili wa chombo umeshayavuruga, maji malegevu, hayashiki. Upepo ukija unakuta mbele kumeshikwa nyuma kumeachiwa, basi unaichukua tezi unaipeleka demani, na tezi ikienda demani maana yake omo inaangalia joshi. Ndo hivyo tu. Kwahiyo dawa zake ni mbili, na kila utakachofanya kwenye kayaki yako kwa shida hii kitaangukia kwenye mojawapo: maji yaishike tezi zaidi huku chini, au upepo upunguze kuishika tezi huku juu. Mi nilifanya zote mbili.

Kuna watu wataniambia nimeharibu kazi ya mwenzangu. Nawajibu kwa historia, maana kayaki za bahari za huku Uingereza nyingi zimetokana na watu kubadilisha maumbo ya vyombo vya wenzao. Mwaka 1959 kijana wa Scotland, Ken Taylor, alienda kijiji cha Illorsuit, kaskazini magharibi mwa Greenland, na fundi wa pale Emanuele Korneliussen akamtengenezea kayaki ya fremu ya mbao iliyovikwa ngozi. Taylor akarudi nayo Scotland. Duncan Winning akaipima akaichora, michoro ikaenda mikononi mwa watu, na baadae Geoff Blackford akaichukua akairefusha mpaka futi 17 akaijenga kwa plaiwudi, na kutoka hapo ndo ikapatikana Anas Acuta, kayaki ya faibaglasi ambayo kampuni ya Valley ya Frank Goodman iliiuza kuanzia miaka ya 1970 na mpaka leo wapenzi wake wapo. Na hao Wagreenland wenyewe hawakuwa na saizi moja ya kumpa kila mtu, kayaki ilikuwa inapimwa kwa mwili wa mwenye nayo, upana wake ni nyonga zako kuongeza ngumi huku na ngumi huku, vipimo ni mikono yako na viungo vyako. Sasa mimi na yule mzee aliyeniuzia hatufanani hata kidogo, yeye mrefu mzito, mimi mwembamba kilo 64. Chombo kilichokaa sawa kwake, kwangu kilikuwa kinaelea juu juu, deki yote ya nyuma, yani uso wa juu wa chombo, inakula upepo.

Kabla ya msumeno nilimtumia mjomba wangu video kwa WhatsApp. Yeye ni fundi wa ngalawa, hajawahi kukaa kwenye kayaki, lakini aliangalia mara moja tu akanirudishia sauti: "Mjomba, hicho chombo tezi yake nyepesi. Kitie uzito nyuma kwanza ukione, usikimbilie kukata." Na hili ndo jambo la kwanza ambalo na mimi namwambia kila mtu, kwasababu halina gharama na unaweza kulirudisha. Chukua madumu laini ya maji, ya lita 10, weka moja kwenye stoo ya nyuma, nenda kwenye upepo, angalia. Weka la pili, angalia tena. Kwangu la kwanza lilileta nafuu, la pili likaimaliza shida karibu yote, tezi ikazama kidogo na maji yakaishika. Kwahiyo nikajua kwa uhakika tatizo liko wapi. Sasa kuzunguka na kilo 20 za maji kila siku, kayaki yenyewe uzito wake ndo huohuo, hapana, ila kama kipimo hakuna kinachokishinda.

Halafu nikaigeuza juu ya vifarasi, tumbo juu, nikavuta uzi kando ya mkuku, ule uti wa chini ya chombo, kutoka omo mpaka tezi ukiwa umegusa katikati. Uzi unakwambia mkuku umeinuka kiasi gani mbele na nyuma. Mkuku ulioinuka sana unageuka kirahisi, ulionyooka unashika njia, na kayaki nyingi zilizotulia kwenye upepo mkuku wake wa nyuma haukuinuka sana kama wa mbele. Yangu ilikuwa imeinuka sawasawa pande zote. Pale nyuma, kati ya uzi na mkuku, kulikuwa na pembetatu ndefu ya hewa, karibu mita moja kwa urefu, ikiishia na kina cha sentimita 6 hivi kwenye ncha. Ile pembetatu ndo ilikuwa pezi langu, yani kipande cha kuongeza chini ya tezi ili maji yaishike. Sikuhitaji kubuni umbo, lilikuwa limeshachorwa na uzi.

Najua wengi wataniuliza kwanini sikuweka pezi la kushuka na kupanda, lile la waya na kisanduku ndani. Ni zuri, unashusha kiasi unachotaka kulingana na upepo. Lakini kisanduku kinakula nafasi ya mizigo, inabidi utoboe mkuku katikati, waya unapinda, na fukwe za huku ni za changarawe, kokoto moja ikikwama kwenye kisanduku basi siku hiyo pezi huna. Mi nilitaka kitu kisicho na mashine ndani yake. Pezi la kudumu lina hasara moja, halipungui ukishaliweka, kwahiyo kimo chake lazima ukipate kabla hujaliunga, na hapo ndo penye utamu wa kazi yote.

Nilinunua kipande cha foamu ngumu ya bluu, ile ya kuzuia baridi kwenye kuta za nyumba, nikaikata kwa umbo la ile pembetatu, kina chote sentimita 6, nikaibandika chini ya tezi kwa gundi ya utepe, ule utepe wa fedha wa mafundi bomba, nikaenda Largs siku ya upepo wa kusini magharibi, ndo upepo wenye kutawala huku. Nilikuwa na mwenzangu kwenye kayaki yake, maana kujaribu chombo usichokijua peke yako kwenye maji ya digrii 13 sio ujasiri. Tukatoka. Pezi likiwa na kina chote kayaki ilishika njia kama reli, raha kweli, lakini nilipotaka kuikaza irudi joshi ilikataa, omo ikawa inaangukia demani na mimi navuta kafi upande mmoja mpaka bega linauma. Hiyo ni hatari kuliko shida ya mwanzo, naomba lieleweke hili. Kayaki inayopanda joshi inakuchosha, ila kayaki isiyotaka kupanda joshi inaweza kukupeleka usikotaka kwenda na upepo ukiwa mkali huna la kuifanya.

Tukarudi ufukweni, nikaipindua palepale kwenye kokoto, nikachukua kisu cha jikoni nikakata unene wa kidole kutoka chini ya foamu, mkato mmoja mrefu toka nyuma kuja mbele, nikafunga utepe upya, tukatoka tena. Bora zaidi. Nikarudi nikakata tena kidogo, safari hii nusu ya ule wa kwanza. Hapo ndo unaanza kuhisi chombo kinaongea, kwasababu kila mkato unausikia kwenye viuno, ile nguvu ya kusukuma tezi inarudi kidogo kidogo mpaka unafika mahali ambapo ukiacha kupiga kafi na upepo uko ubavuni, kayaki inaelekea joshi taratibu sana, kwa uvivu, na ukiilaza kidogo kwa goti upande wa upepo inaacha na kunyooka. Nikasimamia hapo. Kina kilichobaki kwenye ncha kilikuwa sentimita 4. Sikutaka kuimaliza tabia yote ya kupanda joshi, na nakushauri nawe usiimalize, acha kidogo, chombo kikielekea upepo chenyewe ukiwa umechoka kinakabili mawimbi kwa omo na hiyo ni salama yako.

Lile foamu lililokatwakatwa nikalilaza juu ya ubao wa mwerezi nikalichora kwa penseli. Mwerezi ni mwepesi na unachongeka vizuri kwa randa. Unene wake pale unapogusana na mkuku ni milimita 20, ukienda nyuma unapungua mpaka milimita 6, ukingo wa mbele umeviringwa ili majani ya baharini yasinase. Mkuku nikausugua kwa msasa namba 80 mpaka rangi yote na vanishi ikatoka nikaliona kabisa faibaglasi, maana epoksi haishiki juu ya vanishi, itashika vanishi na vanishi itabanduka. Epoksi nikachanganya na unga wa mbao mpaka ikawa nzito kama siagi ya karanga, nikaliunga pezi, nikajaza pembeni huku na huku kwa kulivuta na kijiko cha mbao mgongoni ili pembe iwe ya mviringo, kitambaa cha faibaglasi hakipendi pembe kali, kinaacha hewa chini. Juu yake matabaka mawili ya kitambaa cha gramu 200, na chini kabisa pale panapoburuzwa ufukweni utepe mwingine wa faibaglasi na epoksi iliyochanganywa na unga wa grafiti, inakuwa nyeusi na ngumu inavumilia kokoto.

Mambo mawili ya epoksi ambayo watu wa joto na watu wa baridi wanatofautiana. Kwa wale wa nyumbani, epoksi kwenye joto la Tanga au Mombasa inakimbia, ukiiacha nyingi kwenye kikopo inajipasha yenyewe mpaka inafuka moshi, kwahiyo changanya kidogo kidogo na imwage kwenye chombo kipana. Kwetu huku ni kinyume, chini ya digrii 10 haikauki ya maana, nilitengeneza hema la nailoni kuizunguka tezi na kuweka hita ya mafuta ndani, nikalala nikijua iko pazuri. Na kote kote, vaa glavu na barakoa ya maana, sio ya kitambaa. Vumbi la faibaglasi linakwenda mapafuni, na epoksi mbichi ikiizoea ngozi yako kuna siku ngozi inaweza kuikataa moja kwa moja, utawashwa na hutoigusa tena maishani. Ikikauka inaweza kuacha utando kama nta juu yake, uoshe kwa maji na sponji ya kusugulia kabla ya msasa, la sivyo tabaka linalofuata halishiki.

Sasa deki. Hapa ndo watu wanashika vichwa. Deki ya nyuma ya kayaki hii ilikuwa imebenuka, nzuri kuangalia, ila kwa mtu wa kilo 64 ilikuwa tanga tu, tena tanga lililokaa mahali pabaya kabisa, tezini. Nikachora mstari kwa penseli kuanzia nyuma ya tundu la kukalia, sentimita 3 chini ya ukingo wa zamani, ukipanda taratibu mpaka kukutana na ncha ya tezi, nikachukua msumeno mdogo wa meno ya Kijapani, wa kuvuta, nikakata deki nzima ya nyuma nikaiondoa ikiwa kipande kimoja. Ukiiona kayaki imefunguliwa vile, ndani mkuku na zile kona za epoksi za yule mzee zote zimenyooka, unaheshimu mikono iliyoijenga. Halafu nikashusha mbavu, yani kuta za pembeni, kwa randa mpaka kwenye mstari, na ule ukuta wa ndani unaozuia maji nao nikaukata kwa kipimo kilekile. Angalia kitu kimoja: mbavu za kayaki zinatanuka kwenda juu, kwahiyo ukishusha ukingo upana nao unapungua, deki ya zamani haitakaa tena, lazima ukate mpya. Nikatumia plaiwudi ya milimita 3, nikabandika kwa ndani vipande vyembamba vya mwerezi kufuata ukingo ili deki mpya ipate pa kulalia, nikaichonga ile kingo kwa mshazari kidogo kidogo nikiweka rula toka upande huu kwenda huu, nikaikunja deki juu yake kwa mikanda ya kufungia mizigo, kila mkanda unaukaza kidogo unahamia mwingine, na epoksi inatoka pembeni kwenye muungano mzima bila kukatika, ukiiona inatoka hivyo ujue hakuna pengo. Kifuniko cha stoo nilihamishia kilekile cha zamani. Rangi nikaweka nyeupe juu, kwasababu jua linachemsha deki ya rangi ya kiza hata huku.

Kiti sitakichelewesha. Nilitoa kile cha zamani nikachonga kingine kwa foamu ngumu, kikakaa sentimita 2 chini na sentimita 3 nyuma ya pale kilipokuwa. Sentimita 2 za kiti ni kitu kikubwa sana kwenye kayaki, uzito wako ndo mwingi kuliko vyote mle ndani, ukiushusha hata kidogo chombo kinatulia, na kuurudisha nyuma kunaifanyia tezi kazi ileile ya yale madumu. Ila hakikisha ukipinduka unatoka bila kukwama, jaribu kwenye maji ya kifuani mtu akiwa pembeni yako.

Matokeo yake. Kuvuka toka Largs kwenda Cumbrae kwenye upepo wa nguvu ya 4, yani noti (maili za baharini kwa saa) 11 mpaka 16, zamani nilikuwa napiga kafi za upande mmoja zaidi ya nusu ya njia, sasa napiga kushoto kulia kushoto kulia, goti ndo linafanya kazi ndogo iliyobaki. Deki iliyoshuka imenipa na kitu ambacho sikukipangia, naweza kulala chali kabisa mgongo ukagusa deki, na kujipindua kurudi juu kwa mtindo wa Greenland kumekuwa kwepesi. Kilichopotea ni nafasi ya mizigo nyuma, hema langu la zamani haliingii, na kugeuka sehemu finyu kunahitaji uilaze zaidi, hasa kwenye mawe ya upande wa magharibi wa kisiwa. Nimekubali. Mimi ni mtu wa safari za siku moja na maji ya wazi, mwenye kucheza kwenye mawe asiweke pezi la kudumu, atalilaani.

Kwa wenzangu wa nyumbani ambao mna kayaki za plastiki, zile za Zanzibar na Diani, na kusi inawasumbua: msijaribu epoksi, haishiki kwenye polithini, itabanduka kwenye wimbi la kwanza. Nyie anzeni na uzito. Dumu la lita 10 nyuma ya kiti, lifungwe lisitembee, nusu likiwa na maji, mwongeze mpunguze hapohapo majini. Ikitosha basi. Isipotosha, kuna mapezi ya kuvaliwa kwa mkanda chini ya tezi, na hata la kuchonga mwenyewe kwa ubao na mikanda ya begi linafanya kazi, mradi mikanda ifungwe imara ili isiteleze kutoka. Anza na kina kikubwa, ukate mpaka chombo kikubali.